Alichokisikia Richard Bona kabla hajashika besi

MZAZI anayemtafutia mtoto wake mwalimu wa muziki huanza na bei. Kinanda ni shilingi ngapi, gitaa ni shilingi ngapi, mwalimu anachukua kiasi gani kwa saa. Ni maswali ya haki, maana ada ya shule peke yake inatosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini ukifuatilia maisha ya wapigaji wakubwa, utakuta kuna swali lililotangulia bei: mtoto huyu alikuwa anasikia nini nyumbani kabla hajagusa chombo chochote?

Leo tumchukue mpigaji mmoja tu, Richard Bona. Alizaliwa Oktoba 28, 1967 huko Minta, ndani kabisa ya Cameroon, mbali na bahari na mbali na studio za kurekodia. Wengi wetu tunaifahamu Cameroon kwa mpira, kwa Roger Milla na ile ngoma yake kwenye kibendera cha kona mwaka 1990. Wapenzi wa jazi wanaifahamu kwa jambo jingine. Kwao Cameroon ni nchi ya wapiga besi, na jina la Bona ni miongoni mwa yale wanayoyataja kwanza.

Tukubaliane kidogo kuhusu besi yenyewe, kwa sababu ndicho chombo kinachosahauliwa kuliko vyote. Katika bendi zetu za dansi tunawajua waimbaji na wapiga solo. Mtaje Mbaraka Mwinshehe, mtaje Franco, mtaje Remmy Ongala, kila mtu atatikisa kichwa. Muulize mtu huyohuyo nani alikuwa anapiga besi nyuma yao, uone atakavyokukodolea macho. Hata kwenye taarabu ya Zanzibar, yule mzee anayesimama na besi kubwa ya mbao iliyomzidi kimo hana mtu wa kumtunza noti. Ila siku asipokuja, wote waliopo ukumbini watajua kuna kitu kimepungua, hata kama hawatajua ni kitu gani.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne nene. Ule mnene kuliko yote hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba mwili huitambua hata pale sikio linapobabaika. Kazi ya mpigaji ni kufunga ndoa kati ya ngoma na wimbo. Ni kazi inayohitaji mtu anayesikiliza wenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe.

Ndiyo maana masikio yake yana umuhimu kuliko vidole.

Babu, mama na balafoni

Babu yake Bona alikuwa manju na mpiga ngoma, mmoja wa wale waimbaji wa sifa na wasimulizi ambao Afrika Magharibi huwaita griot. Mama yake alikuwa mwimbaji. Kwa hiyo mtoto hakupelekwa kwenye muziki, alizaliwa ukiwa tayari umeketi sebuleni. Alipofika miaka 4 alikuwa anapiga balafoni, na akiwa na miaka 5 alikuwa anapiga kanisani kijijini kwao.

Balafoni ni ndugu wa marimba zetu. Vibao vya mbao hupangwa kwa urefu juu ya fremu, chini yake vinaning'inizwa vibuyu vya kukuza sauti, na mpigaji hutumia vijiti viwili. Mara nyingi mkono mmoja hushika mzunguko wa chini unaojirudia, na mwingine unatembea juu ukisimulia hadithi. Nionavyo mimi, hapo ndipo mpiga besi alipozaliwa, miaka mingi kabla hajaiona besi. Mtoto anayekaa miaka kadhaa akiushika mzunguko wa chini bila kuuangusha, huku mkono mwingine ukicheza, amefundishwa kitu ambacho wanafunzi wengi wa vyuo vya muziki hukihangaikia wakiwa watu wazima.

Familia haikuwa na uwezo wa kununua vyombo. Bona alivitengeneza mwenyewe: filimbi, na magitaa ya kubuni, likiwemo lile la nyuzi zilizofungwa juu ya tangi kuukuu la pikipiki. Sijui ni wazazi wangapi wangevumilia hilo. Mtoto anachukua tangi la pikipiki, analifunga waya, anakesha akilipigapiga. Wengi wetu tungesema aache kuharibu vitu vya watu, au tungemwambia akasome.

Halafu kuna jambo la ngoma ya babu. Anayepiga ngoma akiwa anasimulia hujifunza kwamba mdundo una maneno yake, kwamba kuna mahali pa kupumua, na kwamba ukijaza kila nafasi msikilizaji anachoka. Ukimsikiliza Bona leo, hata pale anapopiga kwa kasi ya kutisha, kuna sentensi na kuna vituo. Anapiga kama mtu anayeongea na wajukuu.

Douala na makossa

Akiwa na miaka 11 alianza kujifunza gitaa. Miaka iliyofuata inamkuta Douala, mji wa bandari ambao ndio kitovu cha makossa. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa makossa ni nini; tumeicheza kwenye harusi bila kujua maneno yake. Kwa vijana, itoshe kusema kwamba ni muziki wa dansi wa Douala, na kwamba mwaka 1972 Manu Dibango aliupeleka duniani kwa wimbo wa "Soul Makossa". Cha kuchekesha ni kwamba wimbo huo uliwekwa upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza, uliokusudiwa kuuza, ulikuwa ni wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Cameroon mwaka huo. Leo ni wachache wanaoukumbuka ule wa mpira.

Katika makossa besi haisimami pembeni. Inazunguka, inajibu, inamchokoza mchezaji kiunoni. Haishangazi basi kwamba nchi hiyo imetoa wapiga besi waliokwenda kusikika Paris na New York: Vicky Edimo, Aladji Touré, Étienne Mbappé, Armand Sabal-Lecco. Kijana anayekua Douala husikia besi nzuri barabarani, kwenye baa na kwenye redio ya jirani, bila kulipa hata senti.

Na bado Bona hakutaka kupiga besi. Alikuwa mpiga gitaa, na mwenyewe amesema kwamba kabla ya siku moja maalumu hakuwahi hata kuifikiria besi.

Rafu ya santuri

Mwaka 1980 hivi, akiwa na umri wa kama miaka 13, Bona aliombwa na Mfaransa mmoja mwenye klabu ya jazi pale Douala akusanye bendi ya kupiga hapo. Hapa mzazi yeyote anasita, na mimi pia nasita. Mtoto wa miaka 13 kwenye klabu ya usiku! Sitaki kuipamba habari hii. Ila kilichotokea ndani ya klabu hiyo ndicho kilichobadilisha maisha yake, nacho hakikuwa pombe wala wasichana. Kilikuwa rafu ya santuri.

Jazi kijana hakuijua. Mwenye klabu alikuwa na mamia ya santuri za muziki huo, akamfungulia rafu, akamwacha asikilize. Santuri iliyomkamata ilikuwa ya Mmarekani Jaco Pastorius, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na jina la mpigaji mwenyewe. Bona husimulia kwamba alidhani mashine inazungusha santuri kwa kasi isiyo yake, akaenda kuangalia kama imewekwa kwenye 45 badala ya 33. Ilikuwa sawasawa. Yule mtu alikuwa anapiga vile kweli.

Tuitazame santuri hiyo kidogo, maana ina siri yake. Wimbo wa kwanza unaitwa "Donna Lee". Ni wimbo wa zama za Charlie Parker, ulioandikwa kwa ajili ya tarumbeta na saksafoni, vyombo vya mbio. Pastorius aliupiga kwa besi, na pembeni yake hakuna kinanda wala gitaa, kuna tumba tu zilizopigwa na Don Alias. Wimbo mwingine, "Portrait of Tracy", aliutunga kwa ajili ya mke wake wa wakati huo. Humo hapigi nyuzi kwa kuzikandamiza kama kawaida. Mara nyingi anazigusa kwa ncha ya kidole mahali maalumu, zikatoa sauti nyembamba ya kengele. Mtu asiyejua angeapa kwamba ni kinanda.

Kuna na wimbo wa tatu, "Okonkole y Trompa". Okonkolo ni ngoma ndogo kuliko zote katika zile ngoma tatu za ibada ambazo Wayoruba waliotekwa utumwani walikwenda nazo Cuba. Kwa maneno mengine, kijana wa Kiafrika alikaa Douala akisikiliza santuri ya Mzungu kutoka Marekani, iliyoletwa na Mfaransa, na ndani yake kulikuwa na mdundo uliotoka Afrika, ukavuka bahari kwa minyororo, ukazunguka Cuba na Florida, kisha ukarudi ukiwa kwenye plastiki nyeusi. Sidhani kama wakati huo aliyajua hayo yote. Sikio lake, lakini, halikuwa linasikia kitu kigeni kabisa.

Bona akaweka gitaa chini akashika besi.

Na huyo Jaco naye alisikia nini?

Swali tulilomuuliza Bona tumuulize na Pastorius, kwa sababu hapa kuna funzo na kuna onyo.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1951, akakulia Florida. Baba yake alikuwa mwimbaji wa jazi na mpiga ngoma, kwa hiyo naye alianza na ngoma. Alipokuwa na miaka 13 aliumia mkono wakati wa mchezo, na kifundo hakikurudi kama zamani. Baadaye bendi yake ikapata mpiga ngoma bora kuliko yeye, naye akahamia besi. Alipoulizwa ni nani waliomwathiri hakutaja wapiga besi peke yao. Alimtaja James Brown, akawataja Beatles, Miles Davis, hata Stravinsky, mtunzi Mrusi wa muziki wa okestra. Wapiga besi aliowaheshimu walikuwa watu kama James Jamerson na Jerry Jemmott, waliokaa studio wakipigia nyimbo za wengine huku majina yao hayaandikwi kwenye jalada. Na kusini mwa Florida redio za Cuba zinanaswa vizuri tu, kwa hiyo rumba na ngoma zake vilimfikia chumbani.

Alikuwa kijana wa kujaribu vitu kwa mikono. Gitaa la besi lina vyuma vidogo vilivyopita mkingamo kwenye shingo, vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kukandamiza. Besi yake maarufu haikuwa navyo: viling'olewa, mashimo yakazibwa, ubao ukapakwa gundi ngumu ya maboti. Sauti ikawa laini kama ya mtu anayeimba. Tangi la pikipiki na gundi ya maboti, unaona wanavyofanana hawa wawili.

Mwaka 1976 alijiunga na bendi ya Weather Report na ndani ya muda mfupi akawa mpiga besi anayezungumzwa kuliko wote. Lakini alikuwa mgonjwa. Mwaka 1982 madaktari walimkuta na maradhi ya akili yale yanayompandisha mtu kileleni leo na kumtupa shimoni kesho. Pombe na dawa za kulevya zikaongeza moto. Aliishia kulala kwenye mabustani. Septemba 1987 alipigwa vibaya nje ya klabu moja huko Florida na akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 35. Bona wakati huo alikuwa bado Cameroon, hajatimiza miaka 20.

Naliandika hili kwenye ukurasa wa familia kwa makusudi. Kipaji hakimkingi mtoto na ugonjwa, na kelele za mashabiki huweza kuuficha ugonjwa kwa muda mrefu. Kijana asiyelala siku tatu akisema ana mawazo makubwa anaweza kuonekana ana bidii tu. Apelekwe kwa daktari.

Kiti kilichoachwa wazi

Baba yake Bona alifariki mwaka 1989. Kijana akiwa na miaka kama 22 akaondoka kwenda Ujerumani kusoma muziki, kisha akahamia Ufaransa. Huko alipiga na Manu Dibango, yule aliyemsikia utotoni, na na Salif Keita wa Mali. Mwaka 1995 akahamia New York.

Mmoja wa walioajiri besi yake alikuwa Joe Zawinul, mpiga kinanda kutoka Vienna. Jina hili lisikupite hivihivi. Zawinul ndiye aliyeanzisha Weather Report pamoja na Wayne Shorter, ndiye aliyempa Pastorius kazi mwaka 1976. Bona anasikika kwenye albamu ya Zawinul ya mwaka 1996, "My People". Yule mvulana aliyekwenda kuangalia kasi ya mashine ya santuri akajikuta amesimama karibu na mzee aliyekuwa anampa Jaco maelekezo.

Wangekuwa wengi wangebaki hapo wakiiga. Amewahi kupiga nyimbo za Jaco jukwaani, ndiyo, na watu hushangilia. Lakini alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1999, "Scenes from My Life", haikusikika kama ya Jaco hata kidogo. Iliimbwa. Iliimbwa kwa sauti nyembamba ya upole, tena kwa Kiduala, lugha ya pwani ya Cameroon ambayo wasikilizaji wa New York hawakuielewa neno.

Mwaka mmoja kabla ya hapo aliongoza muziki katika ziara ya Harry Belafonte barani Ulaya. Belafonte tunamfahamu huku kwetu: yeye na Miriam Makeba walirekodi "Malaika" kwa Kiswahili chao cha kujifunza, kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Ni mtu aliyejua kwamba wimbo wa lugha ya mbali unaweza kumfika asiyeijua.

Kiduala ni lugha ya Kibantu, na Mswahili akitega sikio atakutana na ndugu. Mtu kwao ni *moto*, watu ni *bato*. Mtoto ni *muna*, watoto ni *bana*. Kwenye albamu ile ya kwanza kuna wimbo wa "Muna Nyuwe", na neno lake la kwanza ni mwana wetu yuleyule. Kuna "Dipita", yaani tumaini. Kuna "New Bell", jina la mtaa mmoja wa Douala. Mtu amefika New York, amepata anachokitaka, anakaa anaimba mitaa ya kwao.

Hapa kuna jambo linalonisumbua kuhusu nyumba zetu. Wapo wazazi wanaona aibu mtoto akiimba wimbo wa bibi, wa Kihaya, wa Kiluo au wa Kipogoro, lakini akiimba wa katuni za Kiingereza wanamrekodi na kuwatumia ndugu. Sina ugomvi na katuni. Ila bibi hatarudi kuimba, na katuni itakuwepo kesho.

Masikio yasiyo na mpaka

Albamu zilizofuata zinaonyesha anachosikiliza kuliko mahojiano yoyote. "Munia" ya mwaka 2003, ambayo maana yake ni hadithi, ina sauti ya Salif Keita. "Tiki" ya mwaka 2005 ilimpeleka Brazil, akaimba na Djavan. Ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. "The Ten Shades of Blues" ya mwaka 2009 inaichukua blues na kuuliza ndugu zake wako wapi duniani, mpaka inawaweka wanamuziki wa India kwenye wimbo mmoja na besi yake. Baada ya hapo akageukia Cuba na kundi lake la Mandekan Cubano, wakatoa "Heritage" mwaka 2016.

Hiyo ya mwisho ndiyo ningempa msomaji wa hapa kwanza. Sisi muziki wa Cuba tunao nyumbani bila kujua. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba ziliuzwa Afrika, zikapendwa mno Congo, rumba ya Congo ikazaliwa, na dansi yetu ikachota humo. Mzee anayesema rumba ni muziki wa zamani wa Kiafrika hakosei, na anayesema imetoka Cuba hakosei. Bona kwenye "Heritage" anapiga kama mtu anayefuatilia mizigo ya familia iliyopotea bandarini.

Jukwaani ana mchezo mmoja unaowapendeza sana watoto. Anaweka besi pembeni, anaimba kipande kifupi kwenye kifaa kinachokirekodi na kukirudia, anaimba kingine juu yake, na kingine, mpaka mtu mmoja anakuwa kwaya nzima. Watu humuuliza kuhusu kifaa. Mimi nikimwona huwaza mtoto wa miaka 5 aliyesimama kanisani akisikia sauti nyingi zikipandana, na mama yake mwimbaji akiwa karibu.

Kusikiliza na mtoto

Sasa la vitendo, maana wengi mnasoma hapa kwenye simu. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa besi. Ni ndogo mno kusukuma hewa ya sauti ya chini hivyo. Unachosikia ni sehemu za juu za sauti, na ubongo unajazia zilizobaki. Kwa hiyo mtoto anayesikiliza muziki kwenye simu tupu miaka yote anasikia nyumba isiyo na msingi. Unganisha simu kwenye redio yenye spika kubwa, au spika ya sebuleni, hata ya kuazima kwa jirani. Mwambie aweke kiganja juu yake. Kinachomtekenya mkononi ndiyo besi.

Visikilizi vya masikioni vinatoa besi vizuri zaidi, lakini vina tatizo lake, mbali na lile la kuumiza masikio sauti ikiwa juu. Kila mmoja anakaa na muziki wake. Baba ana wake, binti ana wake, na hakuna anayemwambukiza mwenzake. Ile bahati ya Bona, ya kusikia kwa lazima kitu ambacho hakukichagua kwa sababu babu alikuwa anakipiga, inakosa mlango wa kuingilia. Hata nusu saa ya Jumapili jioni, muziki wa mzazi ukisikika wazi na kisha muziki wa mtoto ukisikika wazi, kila mmoja akivumilia wa mwenzake, ni kitu. Na kuvumilia hapo nina maana mzazi pia. Usikilize huo wa kwake mpaka mwisho kabla ya kuuliza hizi nazo ni nyimbo gani.

Usimfanyie mtihani. Mtoto mdogo hatakuambia besi ni ipi kati ya vyombo sita. Mwambie aimbe ile sauti nene kwa mdomo, *dum, dum*, wimbo ukiwa unaendelea. Akiipata mara moja, ataanza kuisikia kila mahali, kwenye daladala, kwenye tangazo la redio, kwenye harusi ya jirani, na atakuchosha kwa kukuonyesha.

Chombo kinaweza kuja baadaye, au kisije. Akikuomba ndoo, waya na kipande cha ubao, mpe, ukiondoa ule waya wa umeme.

Kwa kuanzia, tafuteni "Dipita" ya Bona, wimbo wa taratibu usiomtisha mtu. Kisha wekeni "Portrait of Tracy" ya Jaco Pastorius, ambayo haifiki hata dakika tatu. Mtoto akikuuliza hicho ni chombo gani, au akadhani spika imeharibika, usimcheke. Mwambie kuna mvulana wa Douala aliyesimama akaenda kuikagua mashine.